Kubadilisha prosesa ya OptiPlex 7010: pima kwanza, ndipo ununue

Ndugu, swali lako ni hili: Dell OptiPlex 7010 ya mnara, yenye prosesa ya i3-3220, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500, imekuwa nzito kwa kazi za sekretaria hapa Lubumbashi (kuchapa TFC, yaani kazi za kumaliza masomo, za wanafunzi, kuskani, picha za pasipoti kwenye Photoshop), na muuzaji anakuhimiza ununue i7-3770. Kwamba itaingia, ni kweli. 7010 ina soketi (kikao cha prosesa kwenye ubao) ya LGA1155 na chipseti (chipu inayoongoza milango ya ubao) ya Q77, inapokea prosesa za kizazi cha 2 na cha 3. Ila dalili ulizoandika, Windows kukawia kuwaka na Word kuganda ukifungua PDF kubwa, mara nyingi si za prosesa.

Fungua kazi zako zote kama siku wateja wamejaa, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, utazame ukurasa wa Performance wakati mashini inaganda. Diski ikiwa 100% huku prosesa iko 30%, i7 haitakusaidia kitu, maana prosesa inangoja diski. RAM ikijaa, Windows inahamishia data kwenye diski hiyohiyo na uzito unazidi. Prosesa ikifika 100% na kubaki hapo wakati Photoshop inafanya kazi, hapo ndipo kuna sababu ya kuibadilisha.

Pesa ya kwanza mimi ningeipeleka kwenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya GB 240 na RAM ya GB 8, vipande viwili vya GB 4 vya DDR3-1600. Kabla ya kununua RAM, hakikisha Windows yako ni ya biti 64. Ile ya biti 32 haivuki GB 4 hata ujaze nafasi zote. SSD uichomeke kwenye mlango wa ubao ulioandikwa SATA 0, kwa sababu Q77 ina milango miwili tu ya Gb/s 6.

Na toa vumbi! Kiangazi cha hapa, vumbi jekundu linaganda kati ya mapezi ya kipoza joto hadi hewa haipiti. Prosesa ikikaribia nyuzijoto 100 inajipunguzia kasi ili isiungue, na wengi huhukumu kwamba imechoka kumbe imezibwa. Tumia brashi laini, na ushike feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza.

Ukifanya hayo yote na prosesa bado inafika 100%, tafuta i5-3470 kabla ya i7. i3 yako ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) 2, i5 ina 4, na kwa Photoshop hatua hiyo ndiyo utakayoiona. i7-3770 ina viini 4 vilevile, ila inaendesha nyuzi 8, yaani mikondo 8 ya kazi kwa pamoja. Faida yake kubwa ni kwa anayetengeneza video. Zote mbili ni wati 77 wakati i3 ni wati 55, basi angalia kipoza chako kisiwe kile kidogo cha alumini tupu. Sokoni soma maandishi juu ya chuma cha prosesa: i7-3770 halisi ina SR0PK, i5-3470 ina SR0T8. Ukipewa i7-4770, kataa. Hiyo ni ya LGA1150, ya OptiPlex 7020 na 9020, haiingii kwako.

Siku ya kufunga, washa mashini dakika kumi ili pesti ya zamani (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza) ilainike, kisha izime, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia mashini ili umeme uliobaki uishe. Legeza skrubu za kipoza kwa mshazari, kidogo kidogo, ukizungushe kidogo kabla ya kukiinua. Prosesa ishike pembeni tu. Linganisha pembetatu ndogo na yale mapengo mawili ya prosesa na alama zake kwenye soketi, uiweke kutoka juu bila kuisukuma. Pini ziko kwenye soketi, nyembamba kama nywele, na moja ikipinda mashini inaweza kuwaka lakini isome nusu ya RAM, au isiwake kabisa. Futa pesti ya zamani kwa alkoli ya famasi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, kaza kwa mshazari tena, rudisha waya wa feni. Ukiwasha, bonyeza F2 uingie kwenye bayosi (programu ya ubao inayowasha mashini) uone jina la prosesa mpya. Kisha ifanyishe kazi nzito nusu saa huku programu ya HWiNFO ikionyesha joto: chini ya nyuzijoto 80 ni vizuri, ikipita 90 kipoza hakijakaa sawa.

7010 haihitaji kusasishwa bayosi kwa prosesa hizi. Mwenye ubao wa zamani wa chipseti ya H61 anaweza kuhitaji, na huyo asithubutu bila UPS (betri ya akiba): SNEL, shirika la umeme, ikikata katikati ya kuandika bayosi, ubao umekufa.

Bado kuna Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. i7-3770 haikuvushi huko. Ikiwa bei yake inakaribia nusu ya bei ya mashini ya okazioni (iliyotumika) yenye i5-8500, ya kizazi cha 8, acha prosesa, nunua SSD peke yake, uihamishie kwenye mashini hiyo utakapoipata.