Ndama hajanyonya tangu alfajiri: mpe dang'a sasa

Pole ndugu uliyeuliza kama ndama wako aliyezaliwa alfajiri, na bado hajanyonya, anaweza kusubiri. Hana muda wa kusubiri mpaka jioni. Ndama huzaliwa bila kinga ya kutosha. Kinga hiyo huipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya njano, na utumbo wake huifyonza vizuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo. Zikifika saa 24, utumbo hauifyonzi tena.

Mkamue mama yake sasa hivi. Ndama wa kilo 30 anahitaji kama lita 3, vuguvugu, kwa chupa ya chuchu. Usimmiminie kwa nguvu, yataingia mapafuni. Nilimpoteza mmoja hivyo na bado inaniuma. Kitovu kichovye kwenye iodini. Asiponyonya kabisa, mwite daktari wa mifugo leo hii amnyweshe kwa mpira wa kupitishia maziwa hadi tumboni.