Vipimo vya ini ni vizuri: je, homa ya ini C haipo?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni mama wa miaka 57, naishi Majengo, Moshi. Kazini tunapimwa damu kila mwaka: sukari, picha kamili ya damu na vipimo vya ini. Majibu yangu ni mazuri siku zote. Nilipojifungua mwaka 1991 niliongezewa damu chupa mbili. Nasikia homa ya ini C hukaa mwilini kimya. Vipimo hivi vingekuwa vimeshaigundua?

JIBU: Hapana, mama. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotafuta virusi hivi. Vipimo vya ini huangalia vimeng'enya vya ALT na AST, ambavyo huvujia kwenye damu seli za ini zinapoumia. Kwa mwenye homa ya ini C sugu, ALT hupanda na kushuka, na wapo ambao haipandi kwa miaka. Ukipimwa siku imeshuka, karatasi inasoma vizuri na ugonjwa unaendelea. Picha kamili ya damu ndiyo huchelewa zaidi: ini likishusha chembe sahani (chembe zinazogandisha damu), mara nyingi makovu yameshaenea.

Damu ya mwaka 1991 ni sababu tosha ya kupima. Virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1989 tu, na kupima damu ya wachangiaji kulichukua muda kuenea duniani. Omba kipimo chenyewe kwa jina: kingamwili (kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi) za homa ya ini C. Kwenye fomu huandikwa anti-HCV. Tone la damu ya kidole linatosha, na vipimo vingi vya haraka hutoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kitepe cha kipimo hicho cha haraka kisisomwe baada ya muda ulioandikwa na mtengenezaji, maana mstari hafifu usio wa kweli unaweza kujitokeza. Mstari wa uhakiki, unaoonyesha kwamba kitepe kimefanya kazi, usipoonekana, hayo si majibu; kipimo kirudiwe. Pima na homa ya ini B siku hiyohiyo.

SWALI: Nilichangia damu, nikaitwa na kuambiwa kipimo cha kingamwili za homa ya ini C kimetoka chanya. Nina mke na mtoto mchanga. Nianze dawa? Tutenganishe vyombo? (Kijana, Sombetini, Arusha)

JIBU: Dawa bado, kijana wetu, na vyombo msitenganishe. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa sahani, kukumbatiana wala kupika pamoja. Usitumie wembe, mswaki wala kikata kucha kimoja na mwingine.

Kingamwili zinasema tu kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi. Takriban watu 3 kati ya 10 huviondoa wenyewe ndani ya miezi 6, lakini kingamwili hubaki. Kinachoamua ni kipimo cha pili, cha PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe. Piga simu hospitali ya rufaa kabla ya safari: mashine ya GeneXpert inayopima kifua kikuu inaweza kufanya kazi hii, ila lazima maabara iwe na katriji za homa ya ini C. Damu hutolewa mshipani. Sampuli ikiachwa kwenye joto muda mrefu kabla ya kutenganishwa plazma (sehemu ya majimaji ya damu), vinasaba vya virusi huvunjika na majibu yanaweza kutoka hasi kimakosa.

Kama uliambukizwa karibuni, PCR huona virusi baada ya wiki 1 hadi 2, wakati kingamwili huchukua kama wiki 8 hadi 11. Kwa hiyo aliyejichoma sindano jana akipima kitepe leo, majibu hasi hayamwambii lolote.

PCR ikiwa chanya, usikate tamaa: sofosbuvir pamoja na daclatasvir kwa wiki 12 huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Kabla ya kuanza, hakikisha umepimwa homa ya ini B, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuiamsha kwa nguvu. Mtajie daktari kila dawa unayomeza, hasa rifampicin ya kifua kikuu na carbamazepine ya kifafa, zinazopunguza nguvu ya tiba.

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, rudia PCR. Kitepe kisikuhangaishe tena: kitaendelea kuonyesha chanya hata ukiwa umepona.