Bibi alikuwa na ndugu wangapi? Watazame mashahidi wa ndoa yake

Mleta uzi anasema amebakiwa na cheti kimoja tu cha ndoa ya bibi yake mzaa mama, ndoa ya Tanga ya kabla ya uhuru, na anataka kuwajua ndugu za bibi huyo. Wawili waliotangulia kumjibu wamemwambia cheti hakitamfaa kwa sababu jina la mama wa bibi harusi halimo. Mtaniwia radhi, hapo sikubaliani nanyi. Mimi ndugu za bibi yangu niliwapata kwa karatasi mbili za ndoa ambazo hazina jina la mama hata moja.

Baada ya arobaini ya mama yangu, mama mdogo alinikabidhi kopo la biskuti lililokuwa la bibi, pale Ngamiani, Tanga mjini. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi ya kichwa, ushanga uliokatika, na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Herufi za Kiarabu, lugha Kiswahili. Ndoa ya kwanza mwezi wa Mfungo Sita 1358 Hijria, ndiyo 1939. Ya pili Mfungo Tisa 1366, ndiyo 1947. Sisi tulikua tukiambiwa bibi alikuwa na kaka mmoja tu, akafa kijana bila mtoto, basi.

Anza na walii, yaani mwanamume wa ukoo anayemwoza bibi harusi. Kwenye karatasi ya kwanza aliyemwoza bibi ni kaka yake. Neno hilo usilipite haraka. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu huku pwani, uwalii haupewi mtu kwa kupendwa, unakwenda kwa zamu: baba, babu mzaa baba, kaka wa baba mmoja na mama mmoja, kaka wa baba mmoja tu, watoto wa kiume wa hao kaka, ndipo ami, ndugu wa kiume wa baba. Kaka akioza, aghlabu baba na babu wameshatangulia mbele ya haki. Mstari mmoja ukanipa kaka, ukanipa na habari kwamba mwaka 1939 baba wa bibi hakuwepo tena.

Karatasi ya pili ndiyo iliyonitoa machozi. Walii pale ameandikwa mtoto wa yule kaka. Maana yake kaka alifariki kati ya 1939 na 1947, lakini aliacha mtoto wa kiume aliyekwisha baleghe. Huyo mtu tulimfuta kwenye ukoo kwa sababu ya maneno ya barazani. Na jambo jingine: kama zamu ilifika kwa mtoto wa kaka, basi hapakuwa na kaka mwingine wa upande wa baba aliye hai pale karibu.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe bado mashahidi.

Kila ndoa ina mashahidi wawili, na watu wengi huwaruka wakidhani ni majirani waliookotwa msikitini. Nilipoziweka karatasi sambamba dirishani, nikaona jina moja la shahidi limo katika zote mbili. Ndoa ya kwanza ilifungwa Tanga mjini, ya pili Pangani, miaka minane baadaye. Mtu aliyeshuhudia ndoa mbili za mwanamke mmoja, katika miji miwili, si mpita njia. Jina la baba yake lilikuwa jingine kabisa, ndiyo maana sikumjali mwanzoni. Chini ya jina pana alama ya dole gumba, wino wa zambarau, mistari ya kidole bado inasomeka.

Nikalipeleka jina kwa bibi mmoja mkongwe, jirani wa siku nyingi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamsomea. Hakufikiri hata kidogo. "Huyo ni tumbo moja na bibi yako, mjukuu wangu. Baba mbalimbali."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndugu wa mama mmoja hana uwalii kwa dada yake. Hata mjomba hana. Kwa hiyo mkimtafuta kwenye nafasi ya walii hamtamwona kamwe, ila watu wazima wale hawakukubali ndugu wa tumbo akae nyuma kama mgeni. Wakampa ushahidi. Kwa Wadigo hasa, ambao tangu zamani upande wa mama una uzito mkubwa, mimi nikiona shahidi mwenye jina la baba geni humshuku kwanza kuwa ni mjomba au ndugu wa mama mmoja. Si kila mara inakuwa hivyo, lakini ni pa kuanzia. Walii atakupa upande wa baba. Upande wa mama mtafute kwa mashahidi.

Nilikosea pia, na kosa lenyewe lilinila mwaka mzima. Pembeni ya jina la shahidi wa pili palikuwa na neno "nduguye", nikamhesabu kaka. Alikuwa mtoto wa ami. Neno ndugu kwetu ni pana mno, usilijengee mti wa ukoo bila kupata karatasi nyingine inayolithibitisha. Jihadhari na maandishi pia: waandishi wengi wa zamani waliandika P kwa herufi ya be na V kwa herufi ya fe, kwa hiyo Pangani unaweza kuisoma Bangani. Athumani ataandikwa Uthman, Bakari ataandikwa Abubakar. Na ukikuta "usiku wa Ijumaa", huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi baada ya magharibi.

Baada ya hapo usiitafute ndoa ya bibi peke yake. Ulizia nani alirithi daftari la sheikh aliyefungisha. La kwetu liko kwa mjukuu wake, mchwa wamekula kurasa za mwanzo. Nilimwomba nipindue kurasa za miaka miwili mbele na nyuma, na nikamkuta mtoto wa kaka akioa, na yule wa tumbo moja akimwoza binti yake mwenyewe, yeye ndiye walii, na kijiji kimeandikwa: Moa.

Kama familia ni ya Kikristo kazi ni nyepesi kidogo, maana daftari la ndoa la parokia huwa na mashahidi, na kwa Wakatoliki ndoa huandikwa pia pembeni ya jina la mtu katika daftari la ubatizo, ambako wazazi na wasimamizi wamo. Bagamoyo misheni imekuwepo tangu 1868. Ndoa za baada ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na ndoa za bomani, ulizia kwa msajili wa wilaya. Mimi ofisi moja ilinirudisha mara tatu, mara ya nne nikaenda na tarehe kamili na majina ya mashahidi, jalada likapatikana siku hiyohiyo.

Moa nilifika asubuhi na daladala la kwanza. Mwana wa yule shahidi alikuwa hai, mzee wa miaka themanini na ushei, anasuka jarife, wavu wa kuvulia, kibarazani. Nilimwita mjomba kabla hajajua mimi ni nani. Nilipomwonyesha karatasi hakuangalia maandishi, aliangalia lile dole gumba, akaliwekea la kwake pembeni bila kuligusa, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaanza kunitajia dada zake, mmoja mmoja, na walikoolewa. Wanne. Wawili wako Pemba, na mmoja wao tumeshazungumza kwa simu.

Mleta uzi, kama cheti chako ni cha herufi za Kiarabu, kipige picha mchana karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, kila mkunjo peke yake. Niandikie faragha jina la walii, mashahidi wote wawili na mahali. Nitakusomea.