Je, Waziri wa Ulinzi wa China Ndiye Mkuu wa Jeshi?

SWALI: Nasoma uhusiano wa kimataifa hapa Mwanza, na ninaandika insha juu ya Jenerali Li Shangfu wa China. Katika video nyingi nimesikia kwamba alikuwa mkuu wa jeshi na kwamba aliondolewa mwaka 2023 kwa sababu ya njama za mapinduzi. Je, niuelezeje wasifu wake?

JIBU: Ndugu msomaji, ondoa kwanza hayo maneno “mkuu wa jeshi”, kwa sababu ndiyo yanayoharibu insha nyingi ninazozisahihisha. Jeshi la China ni la Chama cha Kikomunisti, na amri hutoka kwa Kamati Kuu ya Kijeshi inayoongozwa na Xi Jinping. Waziri wa Ulinzi, wadhifa aliokuwa nao Li mwaka 2023, hushughulika zaidi na mahusiano ya kijeshi na mataifa mengine. Dong Jun, aliyeteuliwa kuwa waziri Desemba 2023, hakuingizwa kabisa katika Kamati hiyo alipoteuliwa.

Kosa la pili ni kuchanganya cheo na wadhifa. Kwetu Tanzania, Jenerali kamili aliye kazini huwa ni mmoja, yaani Mkuu wa Majeshi, na kwa hiyo tukisikia “jenerali” tunamwona mtu wa juu kabisa. China huwa na majenerali wengi wa cheo cha shangjiang, yaani jenerali kamili, kwa wakati mmoja. Li alikipata mwaka 2019, lakini uzito wake ulitokana na nyadhifa alizoshika.

Nyadhifa hizo ni za mhandisi. Alianza kazi mwaka 1982 katika kituo cha kurushia setilaiti cha Xichang, mkoani Sichuan, akakaa huko takriban miaka 30 na kukiongoza tangu 2003 hadi 2013. Chombo cha Chang’e 2 kilirushwa kwenda mwezini kutoka hapo mwaka 2010. Mwaka 2017 alikabidhiwa idara ya zana za kijeshi, yenye mikataba mikubwa ya manunuzi, na mwaka uliofuata Marekani ilimwekea vikwazo kwa sababu ya ununuzi wa ndege za Su-35 na makombora ya S-400 kutoka Urusi. Akawa waziri Machi 2023.

Sasa tazama tarehe, jambo ambalo hao wanaojiita wachambuzi hawana subira nalo. Julai 2023 idara hiyo ya zana za kijeshi ilitangaza kwamba inapokea taarifa za ufisadi katika manunuzi yaliyofanyika tangu Oktoba 2017, yaani karibu kipindi chote cha uongozi wa Li. Tarehe 29 Agosti alihutubia mkutano wa China na Afrika kuhusu amani na usalama mjini Beijing, kisha hakuonekana tena hadharani. Tarehe 24 Oktoba akaondolewa, na Juni 2024 chama kikamfukuza kwa tuhuma za kupokea na kutoa rushwa, siku moja na Wei Fenghe, waziri wa ulinzi aliyemtangulia.

Nimechoka kuona vijana wenye akili wakijengewa mapinduzi ya kubuni kwa picha ya jenerali aliyenuna na muziki wa kutisha. Jenerali wa China anapotoweka, tafuta alikuwa akitia saini mikataba gani, alikaa katika wadhifa huo tangu lini, na tangazo gani lilitoka kabla yake. Msimulizi asiyeweza kukujibu hayo matatu usimnukuu katika insha yako.