Hiyo "Asilimia Moja Tu": Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni woga kusita kuweka nyumba rehani kwa mkopo wa biashara, ilhali uwezekano wa kushindwa kulipa, kwa hesabu zako, ni asilimia moja tu kwa mwaka. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho limenasa kwenye hilo neno "tu".

Mkopo wenyewe ni wa miaka 20. Jana usiku nilichukua kalamu nikazidisha 0.99 kwa 0.99, mstari chini ya mstari, hadi wa ishirini. Nikapata 0.82. Maana yake hatari ya kuanguka angalau mara moja ndani ya muda huo ni kama asilimia 18. Na nyumba huuzwa mara moja.

Halafu, hiyo namba ameikadiria nani? Chombo cha anga Challenger kiliposambaratika Januari 1986 na watu saba kufa, uchunguzi ulikuta wakubwa wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakiamini uwezekano wa ajali ni mmoja kati ya 100,000, huku wahandisi wakikadiria karibu mmoja kati ya 100. Mpango wa vyombo vya aina hiyo ulipofungwa mwaka 2011 zilikuwa zimefanyika safari 135, na mbili ziliishia kwa maafa. Waliokuwa na haraka ya kuruka ndio waliokuwa na namba ya kufariji. Nawe, mwanangu, una haraka. Nimeiona katika kila aya.

Sikwambii uogope kila kitu. Ulipoacha kazi ya kwanza sikukuzuia, ingawa kukosa nyingine ilikuwa rahisi sana. Ungekosa, ungerudi nyumbani, ungeanza upya. Hatari ya namna hiyo ichukue hata kama ni kubwa. Hii nyingine ikitokea, wajukuu wangu watatolewa vyombo nje, na mtaji wa kuanzia tena hutakuwa nao.

Biashara yako naipenda. Kopa nusu, uanze na mashine moja, na dhamana iwe mashine hiyohiyo. Najua riba itapanda na faida itachelewa. Mimi ningekubali kulipa hiyo tofauti. Waulize benki kama wanapokea dhamana hiyo, kisha niandikie walichojibu kabla hujatia saini popote.

Mama yako