Anampenda au anamchukia?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza zabibu soko la Majengo, Dodoma. Jirani yangu fundi redio kila jioni anapiga "Ti amo" ya Umberto Tozzi. Huyo Mwitaliano analalamikia nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wimbo wa 1977 huo. Mwanamume anarusha sarafu: ikitokea kichwa, basi, waachane. Mara huyohuyo anaomba msamaha, afunguliwe mlango, akijiita shujaa wa karatasi za chooni (hapo nilicheka peke yangu). Anataka hata mvinyo mwepesi ambao mwanamke aliutengeneza yeye hayupo; wewe wa zabibu hiyo utaielewa! Anakiri anamchukia na anampenda, kwa pumzi moja. Mimi namsikia mume aliyepotelea nje, sasa anamtamani mkewe anayepiga pasi huku akiimba. Ningemwacha asimame hapo mlangoni kwanza.