Bahasha ya kaka na ziwa lililofungwa

SWALI: Bwana Yesu asifiwe baba, shikamoo. Mimi ni mhazini wa kanisa letu hapa Kigoma, tuko jirani na mwalo wa Kibirizi. Kaka yangu mkubwa ana mitumbwi ya dagaa na ndo aliyetusomesha baada ya baba kufariki. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue alivumilia kama wiki 3 halafu akaanza kutoka usiku kimyakimya, nyumbani tulijua na dagaa tulikula. Jumapili moja akanipa bahasha ya fungu la kumi, 80,000, nikaiandika kwenye daftari kama kawaida. Mzee mmoja wa kanisa akaninong'oneza kwamba ile ni hela ya wizi, mchungaji yeye akasema pokea tu mwanangu, hela haina jina. Mama anasema nikithubutu kumrudishia kaka bahasha nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu na nisikanyage tena kwake. Mpaka leo inaniuma, na ziwa likifungwa tena sijui nitafanyaje. Mhazini, Kigoma.

JIBU: Marahaba mwanangu, asifiwe milele.

Mchungaji wako namheshimu ila hapo simuungi mkono. Hela ina jina. Torati, Kumbukumbu 23:18, inakataza mapato ya aina fulani kuingizwa nyumbani kwa Bwana hata kama mtu ameweka nadhiri, kwa hiyo madhabahu haisafishi kitu kwa sababu tu kimewekwa kwenye bahasha.

Sasa je ni wizi? Najua watu watakwambia samaki ni wa Mungu, kaka yako kamwibia nani. Kawaibia waliobaki nchi kavu. Ziwa lilifungwa miezi 3, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, baada ya nchi 4 zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, kukubaliana samaki wapate nafasi ya kuzaliana maana dagaa na migebuka wamekuwa wakipungua, na kila mvuvi aliyeanika nyavu zake akala ugali na mlenda alikuwa anaweka akiba ya wote, halafu anatokea mmoja usiku anaichota. Na hili si jambo la serikali peke yake. Kumbukumbu 22:6-7 inasema ukikuta kiota, makinda chukua lakini mama yao mwache aende, na ahadi iliyowekwa pale ni heri na siku nyingi, karibu sawa na ile ya kuwaheshimu baba na mama. Mimi kila nikiusoma mstari huu naona kabisa Tanganyika.

Lakini mwanangu kuna kitu kinanisumbua zaidi ya bahasha. Soma Mathayo 27. Yuda anarudi na vile vipande 30 vya fedha, anakiri nimekosa, na makuhani wanamjibu sisi inatuhusu nini, shauri yako. Mtu anaondoka anakwenda kujinyonga, wao wamebaki wanajadiliana kama ile fedha ni halali kuiweka hazina au la! Walikuwa makini sana na fedha, mtu wakamwacha. Naogopa mzee wako kafanya hivyohivyo, kakunong'oneza wewe habari za hela ila kwa kaka yako hajaenda hata siku moja kumuuliza watoto wanakula nini.

Na hapa lawama yangu naipeleka kanisani kwenyewe. Kufungwa kwa ziwa hakuji kama mafuriko, tarehe inajulikana mapema. Matendo 11, Agabo alisema njaa inakuja, wanafunzi wa Antiokia hawakusubiri ifike, kila mtu kwa kadiri alivyoweza walichanga wakawapelekea ndugu wa Uyahudi. Kanisa lenu linapokea fungu la kumi la dagaa miezi 9, je kuna hata gunia moja la mahindi limewekwa kwa ajili ya ile 3? Kama hakuna, kumhubiria mvuvi utii wa sheria akiwa na njaa ndo kile Yakobo alichokikemea, kumwambia mtu nenda kwa amani ukashibe bila kumpa kitu. Wewe ni mhazini, kikao kijacho lipeleke hili, omba sehemu ya sadaka ianze kutengwa sasa hivi, na wazee wakikuuliza kwa nini uwaambie bila kumtaja kaka.

Kuhusu mama, ana haki kwenye jambo moja, usimrudishie kaka bahasha mbele za watu. Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu. Kama ni mimi ningeenda kipindi cha mbalamwezi, taa hazivuti dagaa kwa hiyo yuko nyumbani na hana haraka, ningeanza kwa kumshukuru kwa ada zote alizotulipia, kwa kweli maana ni deni, halafu ningekiri kwamba hata mimi dagaa wale nilikula na bahasha nikaiandika huku najua. Ukianza na lako atakusikiliza. Mwambie ziwa likifungwa tena bahasha ya hivyo hutaiandika, na kwamba kikombe cha unga kwako kitakuwepo.

Ile 80,000 ilishatumika, usiitafute. Zakayo alirudisha kwa hiari yake, hakuna aliyempigia hesabu, na kaka akitaka kuitengeneza kuna wavuvi jirani zake waliokaa miezi 3 bila kugusa maji, anawajua kwa majina.